UFADHILI WA MASOMO NA MWAKA WA MWANAFUNZI WA UHANDISI: MFANO WA WILAYA ZA KARAGWE NA KYERWA

Kila mwaka, baada ya Baraza la Mitihani la Tanzania kutangaza matokeo ya kidato cha sita, wazee wengi wa Unguja na Pemba hufika katika ofisi za elimu wakiwa na suala moja. Mtoto amefaulu masomo ya sayansi, amechaguliwa kusomea uhandisi, na amepata ufadhili au mkopo. Je, mzee amebakiwa na jukumu gani? Wako wanaodhani kwamba neno "ufadhili" limekwisha kumaliza kila kitu. Wako pia wanaoogopa hata kumruhusu kijana aondoke, kwa kuwa hawajui huko aendako ataishi vipi. Makala haya yanakusudia kulijibu suala hilo kwa kuueleza mwaka mzima wa mwanafunzi wa aina hiyo, tangu anapofunga sanduku lake nyumbani hadi anapoanza mwaka wa pili.

Mfano uliotumika ni wa mwanafunzi atokaye katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Wilaya hizo ziko katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mpakani mwa Rwanda na Uganda, na ni miongoni mwa zile zilizo mbali kabisa na Dar es Salaam. Hata hivyo mwanafunzi wa huko na mwenzake wa Micheweni au Makunduchi hufanya mtihani mmoja wa kidato cha sita, hukaa katika madarasa mamoja ya Mlimani, na hukumbana na shida za namna moja. Mzee wa Karagwe hutegemea kahawa kama mzee wa Pemba anavyotegemea karafuu. Mfano wa mbali umechaguliwa makusudi, kwa kuwa umbali hudhihirisha yale ambayo aliye karibu na chuo huweza kuyapuuza.

WILAYA ZENYEWE

Hadi mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe, ndipo ikagawanywa na kuwa wilaya yenye utawala wake. Makao makuu ya Karagwe ni Kayanga. Nchi ni ya vilima na migomba, na zao la fedha ni kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa huko, KDCU, kiliundwa mwaka 1990. Kyerwa inajulikana pia kwa madini ya bati, na mpaka wake na Uganda ni Mto Kagera.

Karagwe ilikuwa dola kabla ya kuja wakoloni. Mwaka 1861 Mukama Rumanyika aliwapokea wasafiri wa Kiingereza, Speke na Grant, katika makao yake, na miongoni mwa vitu vya enzi vya wafalme wa huko vilikuwamo vitu vilivyofuliwa kwa chuma. Katika nchi jirani ya Buhaya wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha mwaka 1978 matokeo ya utafiti wao kuhusu tanuri za kuyeyushia chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita, zilizofikia joto kali mno kwa zama zile. Kwa hiyo kijana wa Kagera anayesomea uhandisi hafuati jambo geni kwa mababu zake. Anachofuata ni namna mpya ya kulisoma.

Haja ya wahandisi huko inaonekana kwa macho. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Shule ya Sekondari Ihungo, ambayo kwa miaka mingi imewaandaa vijana wa sayansi wa mkoa huo, iliharibika kiasi cha kulazimika kujengwa upya. Tetemeko hilo liliwafunza wananchi kwamba ukuta uliojengwa bila ya hesabu huwa ni hatari kwa aliyelala ndani yake.

Katika umeme, Kagera ilikuwa kwa miaka mingi ikiupata kutoka Uganda kwa njia ya waya unaotoka Masaka. Hapo msomaji wa Visiwani atakumbuka hali yake mwenyewe, kwani Unguja hupata umeme kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Bara tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010. Wakaazi wa Unguja hawajaisahau miezi ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya huo ulipoharibika. Pahala panapotegemea njia moja ya umeme pana haja kubwa ya watoto wake wenyewe wanaoifahamu njia hiyo.

UFADHILI NA MKOPO SI KITU KIMOJA

Jambo la kwanza ambalo mzee anapaswa kulifahamu ni aina ya msaada alioupata mtoto wake, kwani watu huzichanganya aina hizo na kuziita zote ufadhili.

Ya kwanza ni mkopo wa Serikali. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 2011. Mkopo, kama jina lake, ni deni. Kwa upande wa Bodi ya Bara, mhitimu huanza kulipa baada ya miezi 24 tangu kumaliza masomo, na akiwa ameajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa, mambo ambayo yalikuwa yakiwafanya wadaiwa wengi waone kuwa deni halipungui.

Ya pili ni ufadhili kamili usiorejeshwa. Mfano wake ni Samia Scholarship, iliyoanza katika mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu sana masomo ya sayansi katika kidato cha sita na kujiunga na fani kama uhandisi, tiba na teknolojia ya habari. Huu haudaiwi, lakini una sharti: mwanafunzi lazima aendelee kufaulu kwa kiwango kilichowekwa. Akiteremka, msaada huweza kusimamishwa.

Ya tatu ni ufadhili wa watu binafsi, jumuiya za dini na mashirika ya hisani. Katika wilaya kama Karagwe na Kyerwa aina hii imewasaidia vijana wengi wa familia masikini tangu skuli za sekondari. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haukuandikwa kwa ukamilifu. Mfadhili aliyeko mbali hulipa ada akaridhika; hajui kwamba chuo kina michango mingine, wala kwamba mwanafunzi wa uhandisi ana wiki nane za mafunzo kwa vitendo baada ya wenzake wa fani nyingi kwenda likizo. Kwa hiyo ni wajibu wa mzee na mwanafunzi kumwandikia mfadhili mapema, kwa adabu na kwa hesabu, wakimwonyesha mwaka mzima unahitaji nini.

KABLA YA CHUO KUFUNGULIWA

Mtihani wa kidato cha sita hufanywa kwa kawaida mwezi wa Mei na matokeo hutoka Julai. Katika miezi hiyo hiyo baadhi ya vijana huitwa katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyorejeshwa mwaka 2013. Wakati kijana yuko kambini, madirisha ya maombi ya vyuo na ya mikopo hufunguliwa na kufungwa. Hapo ndipo wengi hupotewa na haki yao, si kwa kukosa sifa, ila kwa kukosa karatasi.

Maombi ya mkopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kwa waliozaliwa Bara, na na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa waliozaliwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa cheti cha kifo kilichohakikiwa vivyo hivyo. Fomu hutiwa saini na kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na kwetu sheha, na kuthibitishwa na kamishna wa viapo. Kwa mwanafunzi wa kijiji cha ndani cha Kyerwa, kila saini ni safari, na kila safari ni nauli. Ni busara basi karatasi hizi zianze kutafutwa kijana angali kidato cha tano, na nakala zake ziwekwe na mtu mmoja wa kuaminika nyumbani.

Tatizo jengine ni majira. Mavuno ya kahawa ya Kagera huanza kiasi cha mwezi wa Mei na kuendelea kwa miezi kadhaa, na chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Fedha ya kahawa hufika kwanza, na mahitaji ya chuo hufuata baadaye, wakati fedha imeshaingia katika madeni na matumizi ya nyumba. Mkulima wa karafuu anaijua hali hii vizuri. Waswahili wamesema akiba haiozi. Sehemu ya mauzo itengwe siku ile ile ya kulipwa, kabla haijachanganyika na nyingine.

Kiasi cha kutengwa kinategemea safari. Kutoka Kayanga hadi Dar es Salaam kwa basi ni zaidi ya kilomita 1,400. Barabara ya lami kutoka Kyaka hadi Bugene, yenye kilomita 59.1, imepunguza taabu ya kutoka Karagwe kuelekea Bukoba, lakini safari ya kwenda pwani bado ni ya zaidi ya siku moja. Mwanafunzi anahitaji nauli, chakula cha njiani, na fedha ya kumweka mjini kwa wiki chache za mwanzo kabla malipo ya kwanza hayajatoka. Ni kawaida malipo hayo kusubiri mpaka mwanafunzi akamilishe usajili chuoni, na mwanafunzi aliyekuja na nauli tu hujikuta anakopa kutoka kwa watu asiowajua.

MUHULA WA KWANZA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kilichoanzisha masomo ya shahada ya uhandisi nchini. Katika zama za Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kuanzia 1963 hadi 1970, sheria ilisomwa Dar es Salaam, tiba Makerere, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam Julai 1973, na baadaye kikawa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Siku hizi vyuo vingine pia hutoa shahada hiyo, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Shahada huchukua miaka minne, yaani mihula minane.

Muhula mmoja una wiki 15 hivi za kufundishwa, kisha mitihani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na hisabati za juu, makanika, uchoraji wa kihandisi, misingi ya umeme, elimu ya vifaa vya ujenzi na mitambo, na uandishi wa programu za kompyuta. Haya yote hufundishwa kwa Kiingereza na kwa mwendo wa haraka kuliko wa skuli. Aliyezoea kuwa wa kwanza katika darasa lake la Kayanga au Chake Chake hujikuta ukumbini pamoja na mamia waliokuwa wa kwanza katika madarasa yao.

Mgawanyo wa alama unapaswa kufahamika na wazee pia. Kazi za muhula, yaani majaribio, mazoezi na ripoti za maabara, kwa kawaida huchukua alama 40, na mtihani wa mwisho alama 60. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyekosa wiki nne za mwanzo kwa kukosa nauli amekwisha kupoteza sehemu ya alama zake, hata kama baadaye atasoma usiku na mchana. Kuchelewa kufika chuoni kwa kusubiri mkopo utangazwe ni kosa lililowagharimu vijana wengi.

Kuhusu makaazi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliongezewa mabweni yenye nafasi 3,840, yaliyofunguliwa Aprili 2017. Nafasi hizo, pamoja na za mabweni ya zamani, hazitoshi kwa wote, na wanafunzi wengi hupanga vyumba katika mitaa ya karibu kama Changanyikeni, Ubungo na Sinza. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja, ilhali fedha ya kujikimu hutoka kwa awamu. Mwanafunzi wa kwanza aombe bweni mapema, na akipata asiliache kwa ajili ya kufuata uhuru wa mitaani.

FEDHA NA SIKU ZILIZO BAINA YA MALIPO

Mkopo au ufadhili kamili wa Serikali una mafungu yake: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Ada hulipwa chuoni moja kwa moja na mwanafunzi haioni. Chakula na malazi hulipwa mwenyewe mwanafunzi kwa awamu za takriban miezi miwili, nazo wanafunzi huziita "bumu". Kiwango cha fungu hili kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa, kisha kikapandishwa hadi shilingi 10,000.

Tufanye hesabu. Kwa shilingi 10,000 kwa siku, awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye nyumbani kwao fedha ya namna hiyo huonekana mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, huipokea kwa mkupuo, na simu huanza kulia. Mdogo wake hana sare, bibi anaumwa, paa linavuja. Naye kwa imani aliyolelewa nayo hutuma. Siku ya 40 fedha imekwisha, na siku 20 zilizobakia hula mlo mmoja, au huazima na kulipa kwa awamu ijayo, ambayo kwa hivyo hufika ikiwa imepungua tangu mwanzo.

Hili ndilo jambo ambalo makala haya yanataka wazee walizingatie kuliko yote. Mwanafunzi masikini mwenye akili huanguka katika siku zilizo baina ya malipo mawili zaidi kuliko katika ugumu wa hisabati. Fedha ya mwaka inaweza kutosha kwa jumla yake, na bado ikakosekana siku ya mtihani. Tiba yake ni kuigawa awamu kwa wiki siku ile inapoingia, kulipa kwanza kodi na chakula, na kuweka kando kiasi cha wiki mbili kisichoguswa. Na kwa upande wa nyumbani, tiba ni wazee kukubaliana tangu mwanzo kwamba fedha ya kujikimu ya mwanafunzi si fedha ya kuendesha nyumba. Dau la mnyonge haliendi joshi. Likitobolewa tena na wenyewe, litazama bandarini.

Fungu la mahitaji maalumu ya kitivo nalo lina kazi yake. Mwanafunzi wa uhandisi anahitaji vifaa vya kuchorea, kikokotoo, ovaroli, na viatu vigumu vya karakana. Kompyuta ya mkononi imekuwa kama kalamu, kwani michoro na hesabu nyingi hufanywa humo. Mfadhili binafsi anayetaka kusaidia jambo moja lenye faida ya miaka minne afikirie kompyuta.

MITIHANI NA MASHARTI YA KUENDELEA

Muhula wa pili huanza kiasi cha mwezi wa Machi na kumalizika Julai. Matokeo ya mihula miwili hujumlishwa kuwa wastani katika mizani ya 5.0, na kwa kawaida mwanafunzi hatakiwi kuwa chini ya 2.0. Aliyeshindwa somo moja au mawili hupewa mtihani wa marudio kabla ya mwaka mpya kuanza. Akifaulu, alama yake haizidi C, hata kama amejibu vizuri kiasi gani.

Wazee wengine husikia neno marudio wakadhani mtoto amefukuzwa. Wengine hawaambiwi kabisa. Yote mawili yana madhara. Mtihani wa marudio ni nafasi halali iliyowekwa na kanuni, na mwanafunzi anayeificha hali yake huikosa nauli ya kurudi kuufanya. Kwa atokaye Karagwe jambo hili ni zito, maana akirudi nyumbani kabla ya matokeo, huenda akahitajika kusafiri tena zaidi ya kilomita 1,400 ndani ya wiki chache. Anayelazimika kurudia mwaka mzima huweza pia kusimamishiwa mkopo kwa mwaka huo, na hapo familia hubeba gharama ambayo haikuitarajia.

Ni vyema basi mwanafunzi aseme kweli mapema. Chuo kina washauri wa masomo na ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na aliyefiwa au kuugua anaweza kuomba kuahirisha mtihani kwa maandishi kabla ya siku yake. Kutofika katika mtihani bila ya taarifa huhesabiwa kuwa ni kuanguka.

MAFUNZO KWA VITENDO

Baada ya mitihani ya Julai, mwanafunzi wa uhandisi haendi likizo moja kwa moja. Mwisho wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu hufanya wiki nane za mafunzo kwa vitendo. Mpangilio wake una hekima: mara ya kwanza hufanya kazi za fundi mchundo, kama kuchomelea, kukereza, kujenga na kufunga nyaya, mara ya pili kazi za fundi sanifu, na mara ya tatu kazi za mhandisi. Lengo ni kwamba asije akamwamuru fundi kazi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuishika.

Wiki nane ni siku 56. Miongozo ya mikopo imekuwa ikiweka kiwango cha hadi shilingi 10,000 kwa siku kwa fungu hili, yaani shilingi 560,000 kwa anayepewa lote. Katika fedha hizo hutoka nauli ya kwenda kituoni, chumba cha kupanga na chakula, na huweza kufika baada ya mafunzo kuanza. Kwa hiyo mahali pa kufanyia mafunzo ni jambo la kupangwa mapema. Mwanafunzi wa Karagwe au Kyerwa anaweza kuomba karibu na kwao: katika ofisi za TARURA zinazoshughulikia barabara za vijijini, RUWASA za maji, TANESCO za umeme, kiwanda cha sukari cha Kagera kilichoko Missenyi, au kiwanda cha kahawa cha TANICA mjini Bukoba. Vivyo hivyo kijana wa Visiwani anaweza kuomba katika Shirika la Umeme la Zanzibar au Mamlaka ya Maji. Anayelala kwao huokoa kodi, na wilaya yake humfahamu.

Kuna faida ya zaidi. Mwanafunzi aliyepima barabara ya kijijini kwao, akaona jinsi maji ya mvua ya vilimani yanavyoikata, hurudi darasani akiwa na masuala ambayo kitabu pekee hakimpi. Na mhandisi wa wilaya aliyemwona kijana akifanya kazi kwa bidii humkumbuka nafasi ya kazi inapotokea.

BAADA YA MIAKA MINNE

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, usajili wa wahandisi wa Tanzania Bara unasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka mitatu hivi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mwaka 2003 Bodi hiyo ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo hayo, na baadaye Norway ilichangia gharama kwa ajili ya wahitimu wanawake, ambao idadi yao katika fani hii ilikuwa ndogo mno. Wazee wenye mabinti waliofaulu fizikia na hisabati wasiwazuie kwa kudhani kuwa uhandisi ni kazi ya wanaume.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa muhtasari, wazee na wanafunzi wanakumbushwa yafuatayo:

1. Hati za kuzaliwa, na za vifo inapohusika, zihakikiwe kabla ya mtihani wa kidato cha sita. Aliye kambini aache nakala na namba zake za maombi kwa mtu wa kuaminika.

2. Mkataba wa mkopo au ufadhili usomwe wote kabla ya kutiwa saini. Ijulikane kama fedha inarejeshwa, ni mafungu gani yaliyomo, na ni kiwango gani cha kufaulu kinachotakiwa.

3. Nauli na matumizi ya wiki za mwanzo yatengwe kutoka katika mavuno. Mwanafunzi afike chuoni siku ya kufunguliwa, bila ya kusubiri malipo.

4. Fedha ya awamu igawanywe kwa wiki. Nyumbani wasiifanye kuwa fungu la kutatulia shida za jamaa.

5. Mfadhili binafsi aelezwe kwa maandishi gharama za mwaka mzima, zikiwamo za wiki nane za mafunzo kwa vitendo, na apelekewe matokeo ya kila muhula bila ya kuombwa, mazuri na mabaya.

6. Barua za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo zipelekwe miezi kadhaa kabla.

7. Matokeo mabaya yasifichwe. Anayesema mapema husaidiwa; anayenyamaza hujulikana wakati msaada umeshapita.

Mtoto wa mkulima anapoingia mwaka wa pili akiwa hana deni la somo wala la duka, kuna watu wengi waliofanya kazi nyuma yake: aliyelipa ada, aliyesaini fomu, aliyetenga fedha ya kahawa au karafuu, na aliyekubali nyumbani kusubiri. Wananchi wenye masuala zaidi wafike katika ofisi za elimu za wilaya zao wakiwa na vyeti vya mtoto pamoja na barua ya chuo, na wafike mapema, kabla ya tarehe za maombi kupita.